Ng'ombe Asiyejua Kukataa

Enyi majirani, wazazi, walezi, na nyote mnaopenda kuchungulia juu ya ua wetu mkijifanya mnaanika nguo: tegeni masikio. Leo nasimama mbele yenu kulisema janga linalotafuna familia zenye heshima zao. Ni janga baya kuliko ulevi na kamari, kwa sababu mlevi hunuka na mcheza kamari huhama nyumbani, lakini mwenye janga hili hukaa nanyi mezani, akafuta midomo, akasema, "Asanteni, nimeshiba." Nalisema kwa mamlaka kamili, maana niliwahi kuwa kiranja wa bweni. Niliondolewa upesi kwa sababu ya suala la sabuni na ngazi, lakini cheo ni cheo.

Janga lenyewe linaitwa Kikombe Kimoja Tu.

Lilianza siku njema. Nilikuwa nimerudi likizo, ingawa shule ya Mama ilikuwa bado haijafungwa, na nyumba yetu ilikuwa imetulia kama mtu aliyetoka kuoga. Katika chumba cha mbele Baba alikuwa akinyoa wateja, maana yeye ni kinyozi. Mama, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa akisahihisha madaftari jikoni. Babu, baba yake Mama, alikuwa kwenye kiti chake barazani, mkongojo mapajani, akingoja mtu apite ili amlaumu kwa jambo fulani. Na huko uani, ndani ya banda la mabati, Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye majani, anamfuta ndama kwa gunia.

"Jike," alisema, bila kugeuka. "Kasheshe, nenda kawaambie ni jike."

Kasheshe ni mimi. Jina hilo nimepewa kwa chuki tu.

Lazima niwaeleze kuhusu huyo ng'ombe, kwa sababu msipomjua mtadhani tunalia kwa ajili ya maziwa. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Alipofiwa na mume, wakwe zake walichukua nyumba, kitanda, hata sufuria. Yeye alirudi kwetu na sanduku moja na mtamba mmoja, ambaye Shangazi alimnyima shemeji yake kwa kushika kamba na kugoma kuiachia mpaka watu wakaona aibu. Mtamba huyo alikuwa akitembea polepole, kichwa chini, kama anayesindikizwa ukumbini, ndipo tukamwita Bibi Harusi. Kila asubuhi Shangazi alipeleka maziwa kituoni, na kila asubuhi, kabla ya kwenda, aliweka jagi letu mezani. Jagi lile lilikuwa kodi yake, mchango wake na kauli yake. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, bila ng'ombe, mimi humu ni mgeni aliyesahau kuondoka."

Basi siku ile ya ndama, daktari wa mifugo alikuja kumtazama mzazi. Ni mama mmoja mrefu, buti zake zina matope ya mabanda yote ya mtaa, na huzungumza kama mtu aliyekwisha kusema jambo hilohilo mahali pengine asubuhi hiyo.

"Nisikilizeni wote," alisema. "Ndama anyonye dang'a yake, yale maziwa ya kwanza, ashibe. Siku hizi za mwanzo msimkaushe mama yake, mpunguzieni tu kiwele kisimuume. Baadaye mtakamua asubuhi na jioni, basi. Amezaa, hamu ya kula bado haijarudi vizuri. Chakula kitapanda taratibu, na maziwa yapande taratibu. Mmeelewa?"

Tulitikisa vichwa. Mama hata alirudia kwa sauti, "Asubuhi na jioni," kama anavyowafundisha watoto wake, akapiga makofi matatu, pa, pa, pa, kama afanyavyo darasani ili watu wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Bibi Harusi alikamuliwa na Shangazi tu. Shangazi hutikisa mpini wa ndoo kwanza, kwenkwe, kwenkwe, ng'ombe akisikia anatulia, chuchu zinaanza kudondosha zenyewe kabla hajaguswa. Ng'ombe ni mwanafunzi mzuri. Mfundishe sauti moja ya kuja kukamuliwa, hataisahau. Mliweke hilo akilini, maana litatuumbua.

Wiki ya pili, ndoo ya jioni ikaanza kupungua.

"Si kawaida," alisema Shangazi, akiinamisha ndoo kwenye mwanga kana kwamba maziwa mengine yamejificha ubavuni. "Jana yalifika hapa kwenye mkunjo. Leo yako wapi?"

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba familia isiyojua kitu huwa na maoni mengi.

"Ni ndama," alisema Mama. "Kamba yake ndefu. Anamnyonya ukigeuka."

Shangazi akafupisha kamba ya ndama.

"Ni pumba," alisema Babu. "Siku hizi wanachanganya na vumbi la mbao. Nimesema tangu zamani, hamnisikilizi."

Shangazi akabadilisha muuza pumba. Alipokuwa akilibeba gunia jipya kwa kichwa, akitoka jasho mpaka kwenye kope, Babu alimwambia hilo nalo halionekani zuri.

Baba alitoka dukani, mkasi mkononi. Baba hawezi kuuacha mkasi. Akifikiri, anaukata hewani, kacha, kacha, kama anainyoa hoja kabla hajaitoa. "Dada, mimi nina mteja, kijana anafanya kazi shamba kubwa. Anasema wao wanakamua mara tatu. Ng'ombe ukimkamua zaidi anatoa zaidi. Ni sayansi."

"Mteja wako ana ng'ombe?"

"Anafanya kazi kwenye—"

"Ana ng'ombe wake?"

"Hana."

"Basi mnyoe vizuri, umwache aende."

Baba alirudi dukani akilitazama banda kwa pembe ya jicho, na kutazama huko hakukunipendeza. Mimi, kwa moyo wa kujitolea, nikatangaza kuundwa kwa Tume ya Kuchunguza Ndoo, nikajiteua mwenyekiti. Nilimhoji Mama, nikamhoji Babu, nikamhoji Baba, nikamhoji hata paka. Wote walikana. Mwenyekiti hakuhojiwa, kwa kuwa kanuni haziruhusu.

"Badala ya kuzunguka na kofia hiyo ya karatasi," alisema Shangazi, "chukua koleo uondoe mavi." Hakuwa na mzaha. Alikuwa ameanza kunywa chai kavu. Jagi letu lilijaa vilevile kila asubuhi, na alilijaza kwa kupunguza maziwa ya kupeleka kituoni. Huko kituoni wakaanza kumuuliza kama anauza kwa jirani pembeni. Mwanamke aliyegoma kuachia kamba mbele ya ukoo mzima sasa alikuwa anajieleza kwa kijana mwenye kipima maziwa.

Wiki ya tatu Bibi Harusi akakataa pumba. Alikula majani kidogo, akasimama amejikunja mgongo, anamtazama mtu kama anayejaribu kukumbuka jina lake. Mifupa ya nyonga ilitoka nje kama vigingi vya kutundikia kofia. Mavi yakawa makavu, na pumzi yake ilinuka utamu wa ajabu, kama matunda yaliyoanza kuchacha. Asubuhi moja alitaka kugeuka ndani ya banda, miguu ya nyuma ikapishana, akaegemea ukuta wa mabati, ukalia.

Shangazi alikuwa ndani ya banda. Hakupiga kelele. Aliweka bega lake chini ya ubavu wa ng'ombe yule, kana kwamba mama mmoja mwembamba anaweza kushikilia nyumba isianguke, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mkimbilie daktari. Kimbia, mwanangu, usicheze njiani."

Sikucheza njiani.

Daktari alifika, akanusa pumzi, akapima mkojo kwa kijikaratasi kikabadilika rangi, akakunja uso.

"Mnakamua mara ngapi?"

"Mbili," alisema Shangazi.

"Mbili," alisema Baba.

"Mbili," alisema Mama.

"Mbili, na hata hizo ni nyingi kwa pumba za siku hizi," alisema Babu kutoka barazani.

"Ng'ombe huyu hakamuliwi mara mbili," alisema daktari. "Ng'ombe huyu anajila mwenyewe. Kila anapokamuliwa, mwili unaambiwa: tengeneza mengine. Na yeye ndiyo kwanza ametoka kuzaa, hali chakula cha kutosha kutengeneza hayo mengine. Basi anachota akiba. Anayeyusha mafuta ya mwili wake mpaka damu inachafuka, ini linalemewa, na hamu ya kula inakwisha kabisa. Kadiri asivyokula ndivyo anavyozidi kujila. Sisi tunaita ketosisi. Wakiachwa hivi wanalala chini, na wakilala chini, wengi hawaamki."

Shangazi alishika mlango wa banda.

"Lakini, Daktari," alisema Baba, "kwenye mashamba makubwa si wanakamua mara—"

"Mara tatu, ndiyo. Na wanawalisha kwa mizani, na wana mtu wa kuwapima. Hapa mna gunia la pumba na maoni."

Baba akasita. Na alipositasita, mkono wake, ambao haujawahi kuwa chini ya utawala wake, ukaufungua mkasi na kuufunga. Kacha, kacha.

Tukasikia kitu kingine. Tii. Tii. Tii. Maziwa yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye chuchu za Bibi Harusi, yanagonga sakafu.

Daktari alitazama sakafu, akamtazama Baba, akatazama mkasi.

"Kinyozi. Rudia."

"Nirudie nini?"

"Mume wangu," alisema Mama, na mikono kiunoni, "umekuwa ukimkamua ng'ombe wa dada yako na mkasi mfukoni?"

"Mchana tu. Wateja wakipungua. Nilikuwa nataka kumshangaza dada maziwa yakiongezeka. Nilikuwa nayatunza, jamani, nusu yake nilimpa yule kijana, na nusu… ilikuwa joto sana siku zile."

Babu akaanza kucheka barazani, paka akaruka, Baba akaanza kujitetea upya, ikawa vurugu. Basi Mama akafanya kile anachofanya penye vurugu. Pa, pa, pa.

Tii. Tii. Tii.

Sijawahi kuona mwalimu akiitazama mikono yake kama vile si yake. "Kikombe kimoja tu," alisema mwishowe. "Saa nne, nikirudi mapumziko. Mtoto mmoja darasani kwangu haji na chochote. Nikasema kikombe kimoja tu cha yule mtoto." Akaificha mikono nyuma. "Baadaye na cha kwangu."

"Na Babu?" aliuliza daktari.

"Mimi siwezi kutembea," alisema Babu.

"Jana ulikwenda msibani kwa miguu," alisema Mama.

"Ndiyo maana leo siwezi. Nibebeni."

Ni kweli, waungwana: mzee yule alitaka kubebwa. Alijua mkongojo wake. Baba na mimi tulimshika makwapa, lakini mzee ni mzito kuliko dhamira yake, na kwenye jiwe la mlango alijikwaa, akauweka mkongojo chini kujizuia. Ko. Ko. Ko.

Tii, tii, tii.

"Kifua," alisema Babu, akitazama paa. "Maziwa ya moto, yanatoka kwenye chuchu moja kwa moja, yanalainisha kifua. Kikombe kimoja tu. Kidogo kuliko vikombe vyenu."

Daktari alifungua begi lake bila neno, akatafuta mshipa shingoni, akatundika chupa ya glukosi kwenye msumari ambao huwa tunatundikia ndoo. Akatuachia chupa ya dawa tamu ya kumnywesha. "Kuanzia leo mara moja kwa siku, mpaka nirudi kumpima. Mkamuaji mmoja. Hapati nafuu kwa dawa yangu kama mnaendelea kumfungulia bomba kila mtu kwa sauti yake." Alipokuwa anafunga begi alisema, kama kwa begi lenyewe, "Asubuhi nzima nimesema jambo hili. Nyumba tatu."

Alipoondoka tulisimama uani, kila mtu anachunguza kucha zake. Tulingoja Shangazi atukane. Tulitaka atukane, matusi yana mwisho. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono kwenye shingo ya ng'ombe.

"Nilifupisha kamba ya ndama," alisema. "Nilibeba gunia kutoka kule hadi hapa. Nilijieleza kituoni kama mwizi. Kila siku mlikuwa mnaniona." Akamfuta ng'ombe shingo kwa kiganja. "Mngeniomba. Ningekataa mara moja, ningewapa mara mbili, si ndugu zangu? Lakini hakuna aliyeniomba. Mlikwenda kumwomba ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hajui kukataa."

 

Bibi Harusi hakulala chini. Alikaribia: jioni ile alipiga magoti ya mbele, Shangazi akamshika pembe na kumsemesha maneno ambayo sitayarudia, mengine ni ya mapenzi na mengine ni vitisho, ng'ombe akasimama tena. Siku zikapita. Akakamuliwa mara moja tu, kila asubuhi, na mpini wa ndoo tu. Siku moja nilipomletea majani aliyanyakua kwa fujo mpaka karibu anile kidole, na Shangazi, ambaye alikuwa hajacheka tangu chupa ile itundikwe, akacheka. Mama alianza kumnunulia yule mtoto wa darasani maziwa kituoni. Baba aliacha mkasi dukani akivuka uani. Babu alifungiwa kitambaa kwenye ncha ya mkongojo, akatembea kimya kama paka mzee, amekasirika.

Basi, kwa heshima na taadhima, nikaandaa hitimisho lifuatalo, nikaitisha kikao uani, mbele ya banda, nikasimama juu ya kreti na kulisoma.

FUNZO

Wapendwa, ng'ombe aliyezaa karibuni ni kama mama mzazi: ana deni na mwili wake mwenyewe kabla hajawa na deni nanyi. Akamuliwe kwa kiasi na kwa saa zinazojulikana, na chakula kipande kabla ya maziwa. Kila mkono unaoongezwa kwenye chuchu, hata kwa kikombe kimoja tu, unamwambia atoe asichonacho. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba hicho kinatoka mwilini mwa nani. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwetu kilikuwa mezani, kinasifia jagi. Mnaoishi na mtu mwenye kitu kimoja, muombeni kabla hamjachukua. Na tuwaonee huruma Baba, Mama na Babu, ambao tamaa ndogo iliwafikisha mahali padogo.

Nilishuka kwenye kreti. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu Mama alikuwa amepigwa marufuku. Lakini nilijua nimesoma vizuri, na mtu aliyesoma vizuri moyo humwinuka, na moyo wangu ukiinuka nina tabia moja ndogo tangu utotoni, ambayo bwenini walinikataza na ambayo nilikuwa nimeifungia kinywani kwa muda wote huo kwa nguvu ambazo hamzijui. Nilipiga mluzi. Mstari mmoja tu wa wimbo wa shule.

Tii. Tii. Tii.

Jamani, shingo zote zilinigeukia.

"Nilikuwa najiuliza," alisema Shangazi polepole, "kwa nini nyumba hii imepoa hivi. Tangu siku ya daktari sijausikia mluzi huu."

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema Baba.

Sawa. Sawa, nasema. Nyani haoni kundule. Saa ya kujisomea, wote mkidhani niko nyuma ya banda na kitabu cha hesabu, nilikuwa ndani ya banda na kitabu cha hesabu, nimelala chali kwenye majani chini ya kiwele, napiga mluzi, kisha najilenga mdomoni. Paka alipata sehemu yake. Ndiyo maana hakusema kitu kwenye Tume. Sikuwa na mtoto wa darasani, wala kifua, wala sayansi. Nilikuwa napenda tu jinsi yanavyogonga kooni yakiwa na moto wake. Na asubuhi ile nilikimbia kwa daktari mbio namna ile kwa sababu njia nzima nilikuwa nahesabu kichwani, si hatua zangu, bali mara nilizokunywa.

"Nisamehe, Shangazi," nilisema.

Alinitazama mpaka nikaona haya masikioni. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kikombe, akanipa mkononi. Kilikuwa kitupu.

"Haya," alisema. "Jifunze."

Nikakishika kwa mikono miwili. "Shangazi, naomba maziwa."

"Hapana," alisema. "Leo hapana."

Akachukua ndoo, akaingia bandani. Na mimi nilibaki pale uani na kikombe changu, mbele ya familia yote, nikijifunza jinsi kuomba kunavyokuwa unapomwomba mtu anayejua kukataa.